Laptopu ya Tawi Ilipogoma



Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba 2025, saa moja ya asubuhi, nilifungua ofisi ya tawi letu hapa shamba la chai, magharibi ya Uganda. Niliweka laptopu ya tawi juu ya meza, nikaunga waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Taa ndogo ikawaka. Feni ikavuma. Kisha kioo kikabaki cheusi, na juu yake mstari mmoja wa maneno meupe ya Kiingereza: "No bootable device". Maana yake, mashine ilikuwa inasema: sioni cho chote cha kunianzishia kazi.

Nilizima nikawasha tena. Maneno yakawa yale yale.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya kikao chetu mbele ya afisa wa kazi wa wilaya. Ndani ya laptopu ile ndimo ilimokuwa orodha ya saa za ziada za wenzetu 43 wa kiwandani, jina kwa jina, mwezi kwa mwezi, saa ambazo walizifanya na hawakulipwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba saa ya ziada katika siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, na katika sikukuu iliyotangazwa hulipwa mara mbili. Lakini mbele ya afisa wa kazi, sheria bila hesabu haisaidii sana. Na hesabu zetu zilikuwa nyuma ya kioo cheusi.

Naandika habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, matawi mengi yana laptopu kuukuu kama yetu, na jambo hili litawapata wengine. Ya pili, katika siku zile mimi na wenzangu wa komiti tulitenda kosa ambalo kila siku tunamshutumu mwajiri kwa kulitenda.

KWA NINI TULIIBADILISHA

Laptopu yetu ni ya mwaka 2012. Tuliinunua mkononi kwa mtu kwa fedha za ada za wanachama. Betri yake kubwa ilikwisha kufa siku nyingi, kwa hiyo hufanya kazi ikiwa imeungwa kwenye umeme tu. Ilikuwa ikitumia Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo haikubali kompyuta nyingi za umri huo: inadai chipu ya ulinzi ya namna mpya na kichwa cha kompyuta kilichomo katika orodha yake. Laptopu ilikuwa nzima, lakini ilikuwa imefungiwa mlango.

Kijana mmoja mwanachama wetu, mfanyakazi wa idara ya kufungasha, alikuja ofisini akasema, "Mzee, tuitilie Linux. Haina bei, na mashine ya zamani inaiweza."

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland. Aliiachia watu waione ilivyotengenezwa, waibadilishe na waigawe. Tangu hapo maelfu ya watu wa nchi nyingi wameijenga pamoja, wengine kwa kujitolea, wengine wakilipwa na makampuni yao. Iko ya namna nyingi. Ubuntu ilitolewa mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini. Linux Mint, ambayo kijana wetu aliichagua, imejengwa juu ya Ubuntu. Toleo lake la 22 huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache, ingawa 4 ndizo zinazofaa. Yetu ina 4.

Jumamosi mchana tulikusanyika watu sita kumtazama akifanya kazi. Alinakili nyaraka zote za tawi katika flashi moja. Katika flashi ya pili aliweka Linux Mint. Aliingia katika mipangilio ya mashine, akabadilisha mambo fulani kufuata maelezo aliyoyasoma katika simu, kisha akafuta diski yote na kuiweka Linux. Saa kumi laptopu iliwaka vizuri, nyepesi kuliko zamani. Nyaraka zikarudishwa ndani yake. Tukampigia makofi.

Hapo tulifanya kosa la kwanza, nalo ni letu sote. Flashi iliyokuwa na nakala tulimpa mwenyewe, akaijaza nyimbo siku ile ile. Ikabaki nakala moja tu, ndani ya laptopu. Jioni tuliichomoa laptopu kwenye umeme, tukaitia mfukoni na kuifungia kabatini mpaka Jumatatu.

KUMTAFUTA WA KULAUMU

Wakati wa mapumziko ya mchana komiti ilikutana. Sitaficha: mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema, "Kijana ametuharibia mali ya chama."

Mjumbe mmoja akasema Linux ni kitu cha bure, na cha bure hakikosi kasoro. Mwingine akasema Windows ilikaa miaka mingi bila kugoma hata siku moja, na Linux haikumaliza siku mbili. Jioni niliipeleka laptopu kwa fundi wa mjini. Aliiwasha, akasoma maneno yale, akasema diski imekufa, inunuliwe mpya, na yaliyomo yasahauliwe. Hakuifungua. Alitaja bei, nikarudi nayo.

Kesho yake tulikutana tena. Safari hii hoja ilikuwa kijana alipe bei ya diski, kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi. Aliitwa, akasimama mlangoni. Alisema maneno machache tu: "Wazee wangu, Jumamosi mliiona ikifanya kazi. Tangu siku ile sijaigusa." Hakuna aliyemjibu, na maneno yake hayakuandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Hoja ilikuwa karibu kupita. Ndipo aliposimama dada mmoja, fundi umeme wa zamu ya usiku, ambaye ni mjumbe wa komiti lakini husema mara chache. Akasema, "Katibu, mnakumbuka shauri la beringi?"

Tulilikumbuka wote. Mwaka 2023 beringi ya mashine ya kusaga majani ilivunjika saa nane ya usiku. Aliyekuwa zamu alisimamishwa kazi na kuambiwa atakatwa mshahara, kwa kuwa mashine ilivunjika mkononi mwake. Chama kilidai daftari la matengenezo lifunguliwe. Daftari lilionyesha kwamba beringi ile ilikuwa imeripotiwa kupiga kelele mara tatu, na wasimamizi wa zamu watatu tofauti, kabla ya usiku ule. Mwenzetu alirudishwa kazini. Nilihutubia siku hiyo mimi mwenyewe, nikasema kwa sauti kubwa kwamba aliyeshika mwisho si lazima awe ndiye aliyevunja.

Dada akauliza, "Daftari la laptopu hii limefunguliwa na nani?"

Kikao kikaahirishwa. Laptopu akapewa yeye, kijana akae naye.

MASWALI YA FUNDI UMEME

Mimi niliishia darasa la saba, na dada alinieleza kwa mfano wa kazi yetu wenyewe. Laptopu ikiwashwa, alisema, ni kama shamba linavyoanza siku. Kwanza huamka askari wa geti. Huyo ni programu ndogo iliyotiwa kiwandani ndani ya ubao wa mashine. Katika mashine za zamani inaitwa BIOS, katika mpya inaitwa UEFI. Askari hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha humtafuta nyapara. Nyapara wa Linux anaitwa GRUB, naye hukaa katika diski. Nyapara humwamsha msimamizi mkuu, yaani kiini cha Linux, na huyo ndiye awapangiaye wengine kazi mpaka kioo kinapokuwa tayari.

"Sasa," akasema, "maneno haya yanasemwa na nani?"

Yalisemwa na askari wa geti. Nyapara hakuwa ameitwa. Maana yake ni kwamba Linux haikuwa imefika mahali pa kuweza kukosea: ilikuwa bado imelala. Kwa swali hilo moja tu, nusu ya mashitaka yetu juu ya kijana ilianguka.

La pili, hakuanza kutengeneza. Alianza kuokoa. Walichomeka flashi ya Linux Mint, wakaiwasha laptopu kwa flashi hiyo bila kuweka kitu cho chote upya. Linux ina fadhila hii, kwamba inaweza kufanya kazi kutoka katika flashi na diski isiguswe. Diski ikaonekana. Nyaraka zikaonekana, na orodha ya watu 43 ikiwa kamili. Kijana akatoa flashi yake, nyimbo zikafutwa kwa ridhaa yake mwenyewe, nyaraka zikanakiliwa. Diski iliyohukumiwa na fundi wa mjini kuwa imekufa ilikuwa hai.

La tatu, aliingia katika mipangilio ya askari wa geti. Katika laptopu yetu huingiwa kwa kubonyeza F2 mara tu baada ya kuwasha. Kabla ya kugusa kitu alitazama saa. Ilisema tarehe 1 Januari 2012.

Kijana akashangaa. Jumamosi saa ilikuwa sawa. Ilikuwa sawa kwa sababu tulikuwa tumeunga intaneti ya simu, na Linux ilijirekebishia saa yenyewe kutoka mtandaoni. Windows nayo ilikuwa ikifanya vivyo hivyo kila tulipounga intaneti. Ndiyo maana hakuna aliyeona.

La nne, alimuuliza kijana Jumamosi alibadilisha nini. Akajibu kwamba alikuta namna ya kuwasha imeandikwa Legacy, yaani namna ya zamani, akaiweka UEFI, kama alivyosoma. Sasa ilikuwa imerudi Legacy, na hakuna aliyeirudisha.

Wakaiweka UEFI tena, wakahifadhi, wakawasha. Linux ikawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Kijana alitaka kukimbia kuja kuniambia, dada akamzuia. Akazima, akachomoa waya wa umeme, wakanywa chai. Baada ya robo saa wakaunga na kuwasha. Kioo kikawa cheusi, na maneno yakawa yale yale. Saa ikarudi mwaka 2012.

BETRI YA UKUBWA WA SARAFU

Ndani ya kompyuta za aina hii mna betri ya pili, ndogo, ya duara kama sarafu. Kazi yake ni kuiwezesha saa kwenda na mipangilio isisahauliwe wakati mashine haina umeme. Ya kawaida huitwa CR2032: milimita 20 upana, milimita 3.2 unene, volti 3. Katika laptopu nyingi huwa imefungwa ndani ya plastiki na ina waya mbili fupi zenye plagi ndogo.

Dada alifungua kifuniko cha chini, akaipima kwa mita yake ya kazi. Haikufika hata volti moja na nusu. Betri ya miaka zaidi ya 10 ilikuwa imekufa zamani, pengine kabla hatujainunua laptopu yenyewe.

Basi kwa nini Windows haikugoma? Kwa sababu Windows yetu ilikuwa imewekwa kwa namna ya zamani, na namna ya zamani ndiyo ile ile ambayo mashine huirudia inaposahau. Ilisahau kila usiku na kila asubuhi ikabahatisha jibu lililo sawa. Linux iliwekwa kwa namna mpya, na diski iliyopangwa kwa namna mpya tu haionekani kwa askari anayetafuta kwa namna ya zamani. Ubovu ulikuwepo. Kilichobadilika ni kwamba sasa umeonekana.

Betri mpya ilipatikana kwa bei ndogo sana ukilinganisha na ile ya diski tuliyotajiwa. Iliwekwa, saa ikasahihishwa, namna ikawekwa UEFI. Tumeichomoa laptopu kila jioni tangu siku ile, na kila asubuhi imewaka.

MAWAIDHA KWA MATAWI MENGINE

Nimemwomba dada na kijana wapange yale ambayo tawi lo lote linaweza kufanya likipatwa na jambo hili. Haya ndiyo waliyonipa.

Kwanza, andika katika daftari maneno yaliyo kwenye kioo, kama yalivyo, na saa na tarehe. Andika pia ni nani aliyeigusa mwisho na alifanya nini. Shabaha ni kupata habari, wala si kupata mshitakiwa.

Pili, chomoa flashi na vitu vyote vilivyochomekwa, kisha uwashe tena. Mara nyingi mashine huwa inajaribu kuanza kutoka katika flashi isiyo na kitu.

Tatu, ingia katika mipangilio. Katika mashine nyingi ni F2, F10, Delete au Esc. Tazama saa kwanza. Ikiwa imerudi nyuma miaka, shuku betri ndogo. Kisha tazama kama jina la diski limeorodheshwa. Likiwapo, usikubali upesi kwamba diski imekufa. Lisipokuwapo, huenda diski imelegea mahali pake au imekufa kweli, na hapo fundi aifungue mbele yako.

Nne, hakikisha namna ya kuwasha ni ile ile iliyotumika wakati Linux inawekwa, UEFI kwa UEFI, Legacy kwa Legacy. Kama kuna kipengele kilichoandikwa Secure Boot, kizime kwa muda ujaribu. Ulinzi huo ulienea pamoja na Windows 8 kuanzia mwaka 2012, na katika baadhi ya laptopu humzuia nyapara wa Linux asipite.

Tano, kabla ya kutengeneza lo lote, washa kwa flashi ya Linux na uokoe nyaraka. Asikwambie mtu kuweka upya kila kitu kabla hujaokoa. Katika flashi ya Linux Mint mna chombo kiitwacho Boot Repair, ambacho kinaweza kumrudisha nyapara aliyepotea. Nacho kitumike baada ya kuokoa.

Sita, ikiwa nyapara anaonekana, orodha yake inatokea, kisha kioo kinakuwa cheusi, basi shida iko mbele zaidi, mara nyingi katika chipu ya picha. Kwenye orodha bonyeza herufi e, tafuta mstari wenye maneno quiet splash, ongeza mbele yake neno nomodeset, kisha bonyeza F10. Ikiwaka, umejua ugonjwa ulipo, na sasa dawa yake yaweza kutafutwa.

Saba, laptopu za zamani sana zina kichwa cha biti 32, na Linux Mint ya toleo la 22 ni ya biti 64 tu. Kwa hizo, Debian ya toleo la 12 ilikuwa bado ina namna ya biti 32.

Na jambo moja la usalama. Betri hizo za duara zisiachwe ovyo nyumbani. Mtoto akimeza moja, inaweza kumchoma koo kwa ndani katika muda wa saa chache. Awahishwe hospitali mara moja, hata kama halii.

KUMBUKUMBU ZA KIKAO

Siku ya kikao orodha ya saa za ziada ilikuwa mezani pa afisa wa kazi, imechapwa, ikasomwa jina kwa jina mbele ya wawakilishi wa mwajiri. Waliomba muda wa kuilinganisha na vitabu vyao, wakapewa. Shauri linaendelea, na tutawaarifu katika kurasa hizi.

Nyaraka za tawi sasa ziko mahali patatu: katika laptopu, katika flashi inayokaa kwa mweka hazina, na katika flashi nyingine iliyo mbali na ofisi. Flashi hizo haziimbi nyimbo. Laptopu imefunguliwa daftari lake la matengenezo, na watu wanne wamefundishwa kuingia katika mipangilio yake. Zamani alikuwa mmoja, na mmoja akiugua au akihamishwa, tawi zima huwa kipofu.

Komiti ilikutana tena na kijana akaitwa. Safari hii alipewa kiti. Niliomba radhi kwa mdomo, kisha nikaomba iandikwe: kwamba tarehe fulani komiti ilikuwa tayari kumtoza mwanachama bei ya kitu ambacho hakukiharibu, bila kumsikiliza na bila uchunguzi, na kwamba aliyependekeza alaumiwe kwanza alikuwa katibu. Wengine waliona haya kuliandika. Nilisema liandikwe, kwa sababu siku mwajiri atakapotuletea mwenzetu mwingine na kusema mashine imevunjika mkononi mwake, nataka tuwe na ukurasa wa kujisomea kabla ya kwenda kuzungumza naye.

Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama tawi litamnunulia flashi ya nyimbo. Hoja ikapita bila kupingwa.

Umoja ni nguvu.